Mlimani Ilipokuwa Chuo Kidogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Wanafunzi, Walimu na Wahitimu wa Miaka ya Mwanzo

Majibu haya yanahusu chuo gani, na kipindi gani?

Yanahusu chuo ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia kilipofunguliwa mwaka 1961 hadi katikati ya miaka ya 1970. Watu wengi wanaokitazama leo, kikiwa na ndaki, shule kuu na taasisi zake nyingi, hawajui kwamba kilianza kikiwa na kitivo kimoja tu na wanafunzi wanaoweza kuketi katika chumba kimoja. Kipindi hiki kimechaguliwa kwa sababu ndicho watoto na wajukuu wa wahitimu wanachokiulizia zaidi. Sababu nyingine ni kwamba udogo wa chuo ulizaa namna ya kuishi pamoja inayostahili kukumbukwa kwa undani: mwalimu, mwanafunzi na kiongozi wa nchi walijuana kwa sura, na walipotofautiana walitofautiana ana kwa ana.

Kwa nini chuo kilianza na sheria, na si udaktari au uhandisi?

Afrika Mashariki ilikwisha kugawana kazi. Makerere ilikuwa na udaktari na kilimo, na chuo cha Nairobi kilikuwa na uhandisi, lakini hapakuwa na chuo hata kimoja katika nchi hizi kilichofundisha sheria. Tanganyika nayo ilikuwa inakaribia uhuru ikiwa na wanasheria Waafrika wa kuhesabika, ilhali ilihitaji mahakimu, waendesha mashtaka, waandishi wa miswada na watu wa kuisemea katika mikataba na mataifa mengine. Kwa hiyo Kitivo cha Sheria kilizaliwa kutokana na mahitaji ya nchi na pia kutokana na mgawanyo huo wa vyuo. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wangapi hasa?

Kumbukumbu nyingine husema 13, nyingine husema 14. Zote zinakubaliana kwamba hawakujaa hata darasa moja la shule ya msingi ya leo, na kwamba miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning.

Ni kweli kwamba walisomea katika jengo la chama?

Ni kweli. Chama cha TANU kilikuwa na jengo lake katika Mtaa wa Lumumba, na kwa kuwa chuo hakikuwa na mahali pa kuanzia, kilipewa jengo hilo. Wanafunzi wa sheria wa wakati ule walisoma katikati ya mji, pembeni mwa Kariakoo, wakisikia kelele za soko na za siasa kwa pamoja. Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, umbali wa kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji, mahali ambapo wakati huo palikuwa porini kwa kiasi kikubwa. Uhamisho huo ulileta nafasi na utulivu, lakini ulileta pia jambo ambalo Mwalimu Nyerere na baadhi ya wanafunzi wenyewe walilihofia: kwamba wasomi wangekaa juu, mbali na watu wanaowalipia. Mabishano mengi yaliyofuata, kama majibu ya mbele yanavyoonyesha, yalirudi kwenye hofu hiyo.

Cheti cha mzee wetu kimeandikwa "Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki". Je, alisoma Makerere au Dar es Salaam?

Huenda alisoma katika kimojawapo kati ya vitatu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza kikiwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, na kundi la kwanza lililohitimu mwaka 1964 lilisoma kwa mtaala na viwango vya London. Hata hivyo, mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Mkuu wake alikuwa Nyerere mwenyewe. Muungano huo ulivunjika mwaka 1970, na tarehe 1 Julai mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kujitegemea. Kwa hiyo mhitimu wa mwaka 1968, kwa mfano, alipata shahada ya Afrika Mashariki hata kama hakuwahi kuvuka mpaka. Ili kujua alisoma wapi, tazama fani kabla ya kutazama jina la chuo. Kwa mtu wa sheria wa miaka hiyo, Dar es Salaam ndipo mahali pa kwanza pa kuuliza.

Nani aliwalipia wanafunzi?

Kwa Watanganyika, na baadaye Watanzania, serikali ndiyo iliyolipa karibu kila kitu, yaani masomo, malazi na chakula. Mwanafunzi kwa upande wake alifungwa na makubaliano ya kuitumikia nchi kwa kipindi cha miaka 5 baada ya kuhitimu. Ni muhimu kulielewa jambo hili vizuri, kwa sababu bila hilo haiwezekani kuelewa ukali wa Nyerere kwa wasomi. Alieleza mara kwa mara kwamba msomi wa nchi maskini ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kingine; akishiba asirudi, huyo ni msaliti. Kwa wakulima wa pamba na kahawa waliokuwa wakikatwa kodi, chuo hicho kidogo kilikuwa gharama kubwa sana.

Walimu walikuwa akina nani?

Mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa Mkanada, Cranford Pratt, na kitivo cha sheria kiliongozwa na A. B. Weston. Miongoni mwa wahadhiri wa mwanzo alikuwamo William Twining, aliyetoka kufundisha Khartoum na ambaye baadaye alipata jina kubwa katika taaluma ya sheria. Mwaka 1965 uongozi ulipokelewa na Mtanzania, Dk. Wilbert Chagula, aliyekuwa daktari kwa taaluma. Maktaba ya zamani ya chuo imepewa jina lake.

Idara ya Historia inastahili kutajwa peke yake. Iliongozwa kwanza na Terence Ranger, aliyekuwa amefukuzwa na serikali ya walowezi ya Rhodesia ya Kusini mwaka 1963, na mwaka 1965 mkutano mkubwa wa kimataifa wa wanahistoria wa Afrika ulifanyika Dar es Salaam. Hapo ndipo Isaria Kimambo na Arnold Temu walipoanza kuandika historia ya Tanzania ambayo Mwafrika alikuwa mtendaji ndani yake. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, hakuna idara nyingine ndogo katika Afrika Mashariki iliyobadilisha vitabu vya shule kwa kiasi hicho na kwa muda mfupi hivyo. Mtu aliyesoma historia sekondari miaka ya 1970 alisoma matunda ya idara hiyo, hata kama hakuambiwa.

Halafu kuna Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha mara ya kwanza mwaka 1966 na 1967, kisha akarudi mwaka 1969 hadi 1974. Kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoikwamisha Afrika kiliandikwa hapo Mlimani, katikati ya mihadhara na mijadala. Wanafunzi wake wa wakati ule humkumbuka kama mwalimu aliyependa kubishiwa.

Je, ni kweli mwanafunzi aliweza kumbishia profesa hadharani?

Ndiyo, na udogo wa chuo ndio uliowezesha. Mijadala ya jioni ilihudhuriwa na walimu, wanafunzi na wageni wa mjini, wakiwamo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, kwa sababu Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na ya vyama kama FRELIMO cha Msumbiji, kilichoundwa mjini humo mwaka 1962. Nyerere naye alikuwa akipanda kilimani kuzungumza na wanajumuiya wa chuo na kujibu maswali yao, na maswali hayo hayakuwa ya kumfurahisha tu. Pamoja na hayo, isidhaniwe kwamba uhuru huo haukuwa na mipaka. Mipaka ilikuwapo, na matukio ya 1966, 1970 na 1971 yanaonyesha ilikuwa wapi.

Nini kilitokea Oktoba 1966?

Serikali ilipendekeza kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo walazimike kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, sehemu yake kambini na sehemu kubwa katika kazi zao za kawaida wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi hawakukubali. Tarehe 22 Oktoba waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, na baadhi ya mabango yao yalidai kwamba hali ya wakati wa ukoloni ilikuwa afadhali. Walisoma tamko lililosema kwamba kama masharti hayatabadilishwa, miili yao ingekwenda jeshini lakini roho zao zingebaki nje.

Maneno ya bango lile ndiyo yaliyomchoma Nyerere zaidi. Aliwajibu papo hapo kwamba mishahara ya wasomi na ya viongozi ilikuwa mikubwa mno kwa nchi ya wakulima, wa kwake ukiwamo, na akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Kisha wanafunzi karibu 400 wa chuo hiki na wa taasisi nyingine walirudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Wapo wanaolisimulia tukio hili kama ubabe mtupu wa dola, na wapo wanaolisimulia kama ubinafsi mtupu wa wanafunzi. Masimulizi yote mawili yanaacha kitu. Wanafunzi walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mzigo uwaangukie wao kabla ya mawaziri. Na kwa kupunguza mshahara wake siku ileile, Rais alikiri kwamba swali hilo lilikuwa na uzito. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa likiwa na masharti makali kwa viongozi. Ni vigumu kusoma masharti hayo bila kuona kivuli cha majoho yale Ikulu.

Somo la Taaluma za Maendeleo, ambalo kila mwanafunzi hulazimika kulisoma, lilitoka wapi?

Mzizi wake ni mkutano wa Machi 1967, uliofanyika baada ya Azimio la Arusha, kuhusu nafasi ya chuo katika nchi ya kijamaa. Walimu na wanafunzi walibishana kama mwanafunzi wa fizikia anahitaji kujua uchumi wa kijijini kwao, na jawabu lililoshinda ni kwamba anahitaji. Lilianzishwa somo la pamoja kwa vitivo vyote, ambalo baadaye lilikuwa Taaluma za Maendeleo. Wanafunzi wa leo wanaolilalamikia kama mzigo wa nyongeza wajue kwamba watangulizi wao waliligombania.

Ni kweli Yoweri Museveni aliongoza wanafunzi hapo?

Aliongoza kundi moja la wanafunzi, wala si serikali yao yote. Mwaka 1967 wanafunzi kutoka nchi mbalimbali waliunda umoja wa kimapinduzi uliojulikana kwa herufi USARF, na Museveni, aliyekuwa akisoma siasa na uchumi, alikuwa mwenyekiti wake. Walifanya madarasa ya itikadi siku za Jumapili, wakawaalika wazungumzaji kama Stokely Carmichael, mwanaharakati wa Wamarekani weusi, na C. L. R. James, mwandishi na mwanamapinduzi wa Trinidad, na Museveni alikwenda na wenzake kuona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO kaskazini mwa Msumbiji. John Garang, aliyekuja baadaye kuongoza harakati za Sudan Kusini, alikuwa pia mwanachama alipokuwa Dar es Salaam kwa utafiti. Rodney alikuwa karibu nao sana, ingawa walipenda kusisitiza kwamba umoja ulikuwa wao wanafunzi.

Siku ya matambara ilikuwa nini, na kwa nini ilikomeshwa?

Ilikuwa desturi iliyoletwa kutoka vyuo vya Uingereza. Mara moja kwa mwaka wanafunzi walivaa nguo zilizochakaa na kuingia mjini wakifanya vituko ili kuchangisha fedha za misaada. Novemba 1968 wanachama wa USARF waliizuia, wakatoa upepo katika matairi ya magari yaliyoandaliwa, kwa hoja kwamba ni dhihaka kwa mtu aliyeshiba kuigiza umaskini mbele ya watu ambao matambara ndiyo mavazi yao ya kila siku. Wenzao wengi walikasirika. Lakini hoja ilikuwa sahihi.

Jarida la Cheche lilifungiwa kwa nini?

Cheche lilianza Novemba 1969, likihaririwa na wanafunzi, wakiwamo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Lilichapishwa kwa uwezo mdogo, kwa mashine ya kurudufia, lakini lilisomwa mbali. Makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu matabaka nchini, iliyotoka ndani yake mwaka 1970, ilisema waziwazi kwamba kutaifisha mali hakutoshi ikiwa wanaozisimamia wanageuka tabaka jipya. Novemba 1970 jarida lilifungiwa pamoja na USARF. Sababu iliyotolewa ni kwamba nchi haikuhitaji itikadi ya kuazima, na kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha. Vijana hao wa TANU chuoni waliendelea na jarida lingine, MajiMaji, na mjadala haukufa. Hata hivyo, inafaa kusemwa bila kuzungukazunguka kwamba serikali iliyohubiri ujamaa ilikosea ilipowanyamazisha wale waliouchukulia ujamaa huo kwa uzito kuliko wote.

Tukio la Akivaga ni lipi?

Mwaka 1970 chuo kilipokuwa chuo kikuu kamili, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza aliteuliwa kutoka katika chama, naye ni Pius Msekwa, aliyekuja baadaye kuwa Spika wa Bunge. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, raia wa Kenya, alimwandikia barua ya wazi akilalamikia namna maamuzi yalivyofanywa. Kikosi cha Kutuliza Ghasia kilimkamata chuoni kwa mtutu wa bunduki na akarejeshwa Kenya. Wanafunzi waligoma, na jambo linalokumbukwa zaidi ni kwamba wahadhiri wengi nao walisimama upande wao. Katika chuo ambacho mwalimu anamjua mwanafunzi kwa jina, haikuwa rahisi kumwona akichukuliwa na askari kisha kuendelea na kipindi. Baadaye Akivaga aliruhusiwa kurudi kumalizia masomo.

Wanawake walikuwa na nafasi gani?

Walikuwa wachache mno. Julie Manning, aliyekuwa peke yake katika kundi la kwanza, aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975, mwaka ambao yeye na Tabitha Siwale walikuwa wanawake wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri. Zakia Meghji wa Cheche alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa kwanza mwanamke. Mafanikio hayo yasifiche kwamba mlango ulikuwa mwembamba. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka kila mwombaji afanye kazi kwanza na kupata pendekezo la mahali pa kazi, idadi ya wasichana ilitishia kushuka zaidi, kwa kuwa wengi waliolewa au kuzuiwa na familia katikati ya muda huo. Mwaka 1976 wasichana waliondolewa sharti hilo.

Je, Kiswahili kilifundishwa?

Utafiti ulitangulia ufundishaji. Mwaka 1964 kazi ya iliyokuwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1930, iliingia chuoni kwa jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo imo katika nyumba nyingi za wasomaji wa majibu haya, ni kazi ya taasisi hiyo. Tangu mwaka 2009 taasisi na idara zimeunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI).

Wahitimu wa miaka hiyo walikwenda wapi?

Wengi waliingia serikalini moja kwa moja, kwa kuwa ndiko mkataba ulikowapeleka na ndiko pengo lilikokuwa. Joseph Warioba, aliyehitimu sheria mwaka 1966, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Jakaya Kikwete alihitimu uchumi mwaka 1975 na kuwa Rais mwaka 2005. Nje ya Tanzania, Museveni ameitawala Uganda tangu 1986, na Willy Mutunga, aliyesoma sheria Dar es Salaam, alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016.

Orodha ya wakubwa, hata hivyo, hupotosha. Sehemu kubwa ya wahitimu walikuwa mahakimu wa wilaya, walimu wa sekondari, maofisa mipango na wakutubi, ambao majina yao hayamo katika vitabu lakini ndio walioziendesha ofisi za mikoani wakati wataalamu wa kigeni walipoondoka. Familia zao ndizo zenye barua, picha na daftari ambazo chuo hakina.

Chuo kiliacha lini kuwa kidogo?

Hakuna siku moja. Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii kilifunguliwa mwaka 1964, cha Sayansi mwaka 1965, udaktari mwaka 1968, kilimo mjini Morogoro mwaka 1969 na uhandisi mwaka 1973. Kilimo kilijitenga kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na udaktari baadaye ukawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Ukumbi wa Nkrumah, ambao picha yake ilichapishwa kwenye noti ya shilingi 500, bado unatumika.

Mzazi wangu alisoma hapo, nami nataka kufuatilia habari zake. Nianzie wapi?

Anza na mwaka wa kuhitimu na kitivo, kwa sababu kumbukumbu hupangwa kwa namna hiyo. Vitabu vya mahafali huorodhesha waliotunukiwa shahada, na sehemu ya maktaba inayohifadhi machapisho ya Afrika Mashariki ina majarida ya wanafunzi na tasnifu za miaka hiyo. Wahitimu wana chombo chao, Baraza la Masajili, na wazee wa baraza mara nyingi hukumbuka mambo ambayo hayakuandikwa. Waendee mapema, kwa salamu na kwa subira. Ikiwa nyumbani kuna barua za chuoni, picha za mahafali au nakala ya Cheche iliyofifia wino, zipigeni picha zote kabla ya kuzigusagusa, andikeni nyuma ya nakala hizo nani ni nani maadamu yupo anayewatambua, na waulizeni watunzaji wa maktaba kama wangependa kuwa na nakala.